Mke Aliyefungwa Kitini

Mjukuu wetu Azzan katukatia tiketi,
sinema ya Sibu, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
"Nendeni, bibi. Babu ataipenda. Ni ya mwanajeshi mstaafu,
mkewe kaibiwa, anamfuata."
Zahran akavaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili,
akajifukiza udi kama anakwenda kuposa.
Miye nilificha korosho mkobani,
maana kwa bei ya bisi zao mtu anapata kipande cha nguru.

Basi yule mke walimfunga kitini mapema,
hata barafu ya maji yangu haijayeyuka,
na humo kitini akakaa.
Mumewe anavunja madirisha, anaruka kutoka helikopta,
anaua watu kumi na saba (niliwahesabu kwa korosho),
naye katulia tu, nywele zimelala,
utepe mdomoni, wanja haukuchuruzika.
Nikamnong'oneza Zahran: "Huyu hana haja ndogo?
Hajui hata tusi moja?"
Mtu wa mbele akageuka: shii.

Ningekuwa miye, ningekwisha muuliza yule mlinzi
mamake nani, na mbona kakonda vile,
na kabla ya alfajiri angenifungulia kamba mwenyewe
nimwonyeshe namna ya kupika wali usishike chini.

Ndipo lori likalipuka.
Kishindo hakikutoka kwenye pazia, kilitoka chini ya viti,
kikatupanda miguuni. Vijana wa nyuma wakapiga makofi.
Nikautafuta mkono wa mzee wangu gizani
nikaukuta wa baridi, umekamata kiti
kama mtu anayeteremshwa kisimani.

Naujua mkono huo.
Mwaka alioshuka kutoka milima ya Dhofari
nilikuwa bibi harusi wa miezi minne, mgeni kutoka Wete,
Kiarabu changu cha kuombea chumvi tu,
na fataki za Idi zikamtia chini ya meza,
mtu mzima, na ndevu zake.
Hakuna aliyenifunza. Nilizima taa,
nikakunja kanga, nikaingia na miye chini ya meza,
nikaanza kutaja vyombo vya jiko la mama,
kimoja kimoja, polepole, kwa Kiswahili asichokijua vyema:
mbuzi. Kinu. Mchi. Kifumbu. Kawa. Upawa.
Nikifika mwisho narudi mwanzo.
Usiku ule nilirudi mwanzo mara nyingi.
Asubuhi akaniuliza kifumbu ni nini.
Hivyo ndivyo alivyojifunza lugha yangu,
ingawa watu huwaambia alijifunza sokoni Matrah.

Kule mbele mume kapiga mlango teke.
Miye nimeinama sikioni mwa wangu: mbuzi. Kinu. Mchi.
Yule anakata kamba kwa kisu kilichokuwa kwenye kiatu.
Kifumbu. Kawa.
Wakakumbatiana, nyumba nzima inaungua nyuma yao
na hakuna anayekohoa.
Taa zikawaka. Vijana wakasimama, wanatafuta simu zao.

Kwenye maegesho alisimama na ufunguo mkononi
mbele ya magari meupe, yote meupe,
anayatazama kama gwaride asilolijua.
Sikumuuliza kitu. Niliuchukua ufunguo,
nikaubonyeza, moja likatukonyeza kwa taa
pale pembeni, karibu na mapipa.
"Leo naendesha miye."
"Unaendesha vibaya."
"Naam. Funga mkanda."

Barabara ya Mabela ilikuwa tupu, tamu kwa mtu mwoga kama miye.
Azzan akapiga simu: imekuwaje, babu kaipenda?
Nikasema babu kaipenda, watu kumi na saba.
Nikakata, maana mzunguko ulikuwa unakuja
na siku zote huusahau nitokee wapi.

Tuliuzunguka mara mbili.
Ya pili, Zahran akanyanyua uso kutoka dirishani,
akasema, kwa sauti yake ya kila siku
ya mtu anayedai chenji:
"Upawa. Umeuruka upawa."